Mabeseni Mawili ya Esteria

Esteria alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa kabichi bondeni chini ya mji wa Soni, na kubembeleza watu hakukujua. Watafiti wa chuo walipotafuta mwenyeji wa kuchota maji ya kijito na kuhesabu samaki kila Alhamisi, wenzake walicheka. Yeye akakubali. Kwa miezi minane aliona samaki wakipungua, hasa chini ya pale wakulima walipooshea mabomba ya kupulizia dawa.

Aliyeosha hapo mara nyingi kuliko wote ni Danieli, kaka wa marehemu mumewe.

"Shemeji, unaua mto," alimwambia.

"Mto wa baba yako?" Danieli akajibu, huku akisuuza bomba. "Nyanya zangu zikiliwa na wadudu, hao samaki wako watanilishia watoto?"

Esteria hakubishana. Siku ya mkutano wa kitongoji alikuja na mabeseni mawili: moja la maji ya juu ya kijito, lingine la maji ya chini ya pale mabomba yanapooshewa, na samaki kumi, perege wachanga, katika kila moja. Mkutano haujafika kati, wale wa beseni la pili walianza kuyumba kama walevi, wakageuka matumbo juu mmoja mmoja. Wa beseni la kwanza waliogelea tu.

Danieli akasimama.

"Amewatia sumu mwenyewe! Anataka tufungiwe kilimo, apate sifa kwa wageni wake!"

Hapo kelele zikamshinda mwenyekiti. Mtu akayapiga mabeseni teke.

Kesho yake Esteria alikuta matuta manne ya kabichi zake yamefyekwa kwa panga. Jumapili, kanisani, hakuna aliyekaa naye benchi moja. Alisali, ila hakuomba amani. Aliomba mkono ulioshika panga lile ukauke. Hakuwa na hakika ni wa Danieli, lakini jina alilitaja.

Majibu ya maabara ya chuo yalipofika, yalionyesha dawa ya nyanya kijitoni na hata kwenye maji ya kunywa ya kina Danieli. Mwenyekiti akapiga marufuku kuosha mabomba mtoni. Danieli akachimba shimo la kuoshea shambani kwake, hatua mbili tu kutoka mpaka wa Esteria.

"Hapa ni kwangu," alimwambia. "Kapime na hapa."

Alhamisi Esteria akaenda. Akachota maji ya shimo mbele ya macho ya Danieli, akaandika saa kwenye daftari, akaondoka bila kumsalimu.