Rangi ya Kucha Kwenye Turbo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, gari langu lilipokataa kuwaka pale Ruiru mjini, nami nikaamua, hata kabla ya kufungua boneti, kwamba kuna mtu amelichezea. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Kamakis ukifoka, ukasema fundi amekubadilishia turbo ya lile gari lako kuukuu, sasa haliwaki, na Jumatatu unampeleka polisi. Ngoja kwanza. Nisikilize, halafu uende ukitaka.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Thika. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kinachotoka bila karatasi, na kazi hiyo niliifanya hata nikiwa nyumbani. Mama yako atakuambia jinsi nilivyokuwa natia alama kwenye chupa ya mafuta ya kupikia ili nijue yameshuka kiasi gani. Sikumshuku yeye hasa. Nilishuku tu, kwa jumla.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, lenye turbo, na lilikuwa limepitia mikono mingi kabla ya kunifikia. Kila mtu aliniambia kwamba mafundi wakiona turbo nzuri huitoa na kukuwekea iliyochoka. Sikuwahi kukutana na hata mmoja aliyetendewa hivyo, lakini niliamini. Basi nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya mama yako, nikainama kwenye injini, nikatia kitone kwenye betri, kwenye stata na kwenye turbo, ili kitu kikibadilishwa nijue. Kisha nikaenda kwa fundi wa waya mmoja Thika, akanifichia swichi chini ya kapeti, chini ya kiti cha abiria. Ukiizima, pampu ya mafuta haipati stima, na mwizi hawezi kwenda nalo popote. Sikumwambia mtu. Mama yako alikalia kiti hicho miezi mingi bila kujua.

Lilipokataa kuwaka siku ile nilipapasa chini ya kapeti, nikaona swichi iko mahali pake, imewashwa. Nikasema moyoni basi si hiyo. Likavutwa hadi gereji moja Gitothua, kwa fundi aliyeitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mwenye familia na chumba cha kupanga papo hapo karibu. Alikuwa amefanya kazi katika uwanja ule kwa miaka mingi. Nilitafuta mtungi wa plastiki wa maji, nikaupindua, nikaukalia, macho yangu kwenye mikono yake.

Watu waliopita walisema ni turbo imekufa. Wafula hakuwajali. "Turbo ni ya kukupa nguvu ukiwa kwa barabara," akaniambia. "Gari ikikataa kuwaka, kwanza tunatafuta moto na mafuta." Akaniambia nizungushe ufunguo. Injini ilizunguka vizuri. Akatoa plagi moja, akaijaribu, ikatoa cheche. Akainusa, haikuwa na harufu ya petroli. Akaenda nyuma, akaweka sikio karibu na tangi, akaniambia nizungushe tena. Pampu haikuvuma. Akaangalia fyuzi, ilikuwa nzima. Mwisho akachukua waya mbili, akaunganisha pampu na betri moja kwa moja, nayo ikavuma bila shida.

"Pampu ni mzima," akasema. "Stima ndiyo haifiki." Akapangusa mikono, akaniangalia. "Boss, hii gari iko na cut-out, swichi ya kuficha?"

Nikasema haina.

Hebu fikiria, mwanangu. Nilimpelekea mtu gari atafute kilichoharibika, halafu nikamficha mahali penyewe. Niliona kwamba fundi akijua swichi ilipo, kesho wezi wote wa Ruiru watajua. Nilijiona mjanja sana.

Wafula akainama chini ya dashibodi kwa muda mrefu. Alipoinuka akauliza tena, polepole, "Una uhakika haina cut-out?" Nikamjibu kwa ukali kwamba gari ni langu na ninalijua. Akarudi kwenye waya zake.

Saa saba nikaenda kununua chapati na chai. Sikukaa hata nusu saa, lakini huko nilikokaa nilikuwa nawaza tu anachokifanya. Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwenye injini. Kitone cha betri kilikuwapo. Cha stata kilikuwapo. Cha turbo hakikuwapo.

Nilipiga kelele hadi wauza mboga wakaacha meza zao. Nikamwita mwizi mbele ya watu wote, nikawaonyesha mahali rangi ilipokuwa. Wafula alisema jambo moja tu, "Mimi sijagusa turbo yako." Mwenye gereji aliogopa jina la biashara yake, akamwambia akusanye vyombo vyake aondoke. Nilimtazama akifunga spana zake kwenye gunia, nikaridhika. Ndiyo, niliridhika, sitakudanganya.

Gari likavutwa hadi nyumbani kwetu Theta, likakaa wiki mbili. Sikutaka fundi mwingine aliguse. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nikainua kapeti yote. Waya moja ya swichi ilikuwa imechomoka, ncha yake imeungua. Nikaibana kwa koleo. Gari likawaka mara ya kwanza.

Hata hivyo bado nilijiambia, na turbo je? Nikatia kitone kingine cha rangi, nikaendesha hadi Juja na kurudi. Nilipofungua boneti, kitone hakikuwapo. Turbo hupata moto mkali, mwanangu, na rangi ya kucha huungua ikaisha; kile cha kwanza kilikuwa kimeungua zamani, kabla ya Wafula kuliona gari, nami sikuwa nimekiangalia. Nilikaa chini pale uani, nikaona aibu ambayo sijawahi kuona tena.

Nilimtafuta Wafula hadi nikampata Thika, akitengeneza pikipiki kando ya barabara. Familia alikuwa ameirudisha kwao Bungoma, maana kodi ya chumba ilikuwa imemshinda. Nikamweleza yote. Hakuacha kazi aliyoshika.

"Niliiona hiyo waya," akasema. "Imefungwa na tepu mpya, inaingia chini ya kiti."

Nikamuuliza kwa nini hakuifuata.

"Nilikuuliza mara mbili, ukasema hakuna. Ningeifuata mwenyewe, ungeniuliza nimejuaje mahali umeficha."

Na kweli, ndivyo ningefanya. Nilirudi Gitothua nikasema ukweli mbele ya watu walewale. Walicheka. Mahali pa Wafula palikuwa na fundi mwingine tayari, na Wafula hakurudi.

Sasa sikia nasaha yangu. Sikwambii uamini kila mtu. Mimi mwenyewe nikikuazima kalamu nakuangalia hadi uirudishe. Lakini ukimpa mtu kazi ya kutafuta kasoro, mwambie yote unayoyajua, hata yale ya siri, la sivyo usimpe. Na kabla hujamwita mtu mwizi, jipekue wewe kwanza, kwa sababu gari litawaka siku moja, lakini jina la mtu ukishalichafua mbele ya watu huwezi kulirudisha.

Wewe uliniambia mwenyewe, tena ukaniapisha nisimwambie mtu, kwamba ulifungiwa kile kifaa cha kuzima injini kwa simu. Najua fundi wako wa Kamakis alikuuliza kama gari lina kitu kama hicho, maana kila fundi huuliza. Ulimjibu nini?

Mungu akubariki, mwanangu, akulinde barabarani, na akupe nguvu ya kumpigia yule fundi simu leo, kabla ya Jumatatu.