Mashahidi Watatu wa Otema

Juliet Laker hakuwa na subira na mtu anayesema "watu wanasema." Miaka ishirini na sita alikaa katika ofisi ya majalada ya polisi hapa Kampala, na hakuna jalada lililopita mikononi mwake bila jina la aliyelileta na siku aliyolileta. Siku moja mkubwa wake alimwambia aandike tu "kwa mujibu wa raia mwema" ili wafunge ofisi mapema. Laker alimtazama, akamsogezea kalamu, akasema, "Afande, huyo raia mwema mwandike wewe." Hawakufunga mapema.

Hiyo ndiyo sababu yaliyompata mwaka 2013 yanastahili kusimuliwa. Mzembe akikosea hakuna anayeshangaa. Huyu alikuwa mtu wa makini, na alikosea mahali pale pale alipojisifu.

Mwaka huo ukoo wao, Waacholi waliotawanyika tangu vita vya 1986, uliamua kukutana kijijini mwezi wa Desemba na kutoa kitabu cha ukoo. Kazi ya kuandika alipewa yeye. Aliwekewa kwenye kompyuta yake programu ya kuhifadhi habari za ukoo, akaipenda kama mtu anavyompenda karani mwenzake mwaminifu. Kila mtu ana ukurasa wake: kuzaliwa, ndoa, kifo. Chini ya kila habari kuna nafasi ya chanzo: nani amesema, wapi, lini. Na mwisho kuna kisanduku kidogo kinachouliza: Umekiona chanzo hiki mwenyewe? Ukikiona unatia alama, usipokiona unaacha wazi. Kitabu kikichapwa, kila habari inafuatwa na namba ndogo, na nyuma ya kitabu msomaji anakuta jina la shahidi.

Kwenye ukurasa wa kaka yake Otema, neno "amefariki, 1987" lilifuatwa na namba tatu: 41, 42, 43.

Otema alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Aliondoka Kampala mwezi wa Januari 1986 na wenzake kuelekea kaskazini, akiwa na miaka ishirini na miwili, wala hakuonekana tena. Mama yao, Alal, alikataa kumlilia. Sanduku la bati la Otema alilihifadhi chini ya kitanda chake, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso, na kila walipohama, kutoka kambi ya polisi alikotumikia baba yao hadi nyumba ya kupanga na kutoka hapo hadi kwa Laker huko Kibuli, sanduku lilitangulia watu. Baba yao alikufa likiwa limefungwa. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mwezi wa Juni Laker alimkalisha mama yake, akamfungulia kompyuta, akamwonyesha zile namba.

"Mama, wapo watu watatu walioona mwili wa Otema."

Alal alikuwa na miaka themanini na moja, na macho yake hayakuweza kusoma maandishi yale. Aliuliza kitu kimoja tu. "Watatu? Kila mmoja na kinywa chake?"

"Kila mmoja na kinywa chake, Mama."

Mzee yule akafungua pindo la leso. Siku hiyo sanduku lilifunguliwa. Suruali zilikwenda kwa majirani. Koti la ngozi, ambalo Otema alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, alipewa Okeny, mtoto wa baba yao mdogo na mwenyekiti wa kamati ya kitabu. Sanduku lenyewe likawekwa jikoni, likatiwa unga. Alal akakubali kwamba Desemba, wakati wa kumaliza matanga ya mumewe, ambayo kwetu yaweza kungoja miaka, wamalize na ya Otema, na jiwe lenye jina lake lichongwe.

Sasa ilikuwa Jumanne, wiki ya pili ya Novemba. Ijumaa mchana kitabu kilitakiwa kifike kwa mchapaji huko Kamwokya. Kamati iliagiza kwamba mashahidi walio hai waandikwe na namba zao za simu, ili aliye mbali akitaka kuuliza aulize. Laker aliwaandikia jamaa zake ujumbe, majibu yakaja moja moja, naye akaingiza namba akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, chai ikipoa pembeni.

Shahidi wa 41 alikuwa Min Opoka, yaani mama yake Opoka, mwanamke aliyetajwa na marehemu baba katika daftari lake la mwaka 1998. Namba yake ilitoka kwa Okeny. Shahidi wa 42 alikuwa Perpetua, muuza samaki wa Ggaba. Huyo alitajwa na mjomba Obita msibani, mwaka 2006. Alipoandika namba yake, programu ikamwambia: Namba hii tayari ina mwenyewe.

Laker alidhani amekosea kuandika. Akafuta, akaandika upya. Jibu likawa lile lile. Aliinuka, akaosha kikombe kilichokuwa safi, akarudi. Akaingiza namba ya shahidi wa 43, Acayo, aliyetajwa katika barua ya shangazi wa Gulu.

Namba hii tayari ina mwenyewe.

Akapiga simu, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti.

"Nani?" sauti ya mwanamke ikauliza, nyuma yake kelele za soko.

"Samahani, Mama. Naongea na Perpetua?"

"Ndiye. Hilo nilipewa na padri."

"Na Acayo?"

"Hilo nilipewa na baba yangu. Sema haraka, nina wateja."

"Na Min Opoka?"

Mwanamke akacheka. "Opoka ndiye kifungua mimba wangu. Binti, wewe unatafuta watu wangapi? Hapa niko peke yangu na dagaa wangu."

Laker alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Kosa lake halikuwa majina. Kwetu mtu mzima hana jina moja, na hilo alilijua tangu utoto. Kosa lake lilikuwa kile kisanduku. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa daftari la baba, neno la mjomba na barua ya shangazi. Hivyo ndivyo alivyopaswa kuviandika: baba anasema kwamba Min Opoka alisema. Lakini habari ya mtu wa pili ilionekana dhaifu, na Laker alitaka ya kaka yake iwe na nguvu. Akawaruka wale watatu wa kati, akawaandika wanawake wenyewe kama watu aliowasikia yeye, na kwenye swali la kama amekiona chanzo, akatia alama. Mara tatu. Mkono uliokataa kumwandika raia mwema.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akachukua boda mpaka Ggaba. Alimkuta mwanamke huyo nyuma ya meza yake, mfupi, mnene, anapima dagaa kwa kopo. Alipomtajia jina la Otema, kopo likasimama hewani.

"Wewe ni binti wa yule polisi mzee," alisema. "Kaa hapo."

"Nitasimama, Mama."

"Basi simama. Unataka nini?"

"Nataka kujua ulichokiona. Kwa macho yako tu, si ulichoambiwa."

Min Opoka alijifuta mikono kwenye aproni. "Tulikuwa tunakimbia na watoto mgongoni, njia ya Kitgum. Kando ya njia walilala watu. Mmoja alikuwa mrefu, amelala kifudifudi. Nilipita."

"Uso?"

"Nimekwambia kifudifudi! Ungekuwa wewe ungesimama umgeuze?"

"Lakini ulimwambia baba yangu ni Otema."

"Mimi?" Mama huyo alishangaa kwa dhati. "Baba yako alikuja hapa, akasimama hapo ulipo. Naye alikataa kukaa, kama wewe. Akaniuliza, 'Alikuwa mrefu?' Nikasema alikuwa mrefu. 'Ana kovu mkononi?' Nikasema mikono sikuiona. Akasema, 'Basi ndiye.' Akanishukuru. Mzee analia mbele ya wateja wangu, nimwambie nini? Niliitikia. Baada ya hapo kila jamaa yenu aliyeniuliza nilimwambia alivyosema baba yako."

Hapo Laker akakaa.

Baba yake ndiye aliyemfundisha. Alikuwa binti wa miaka kumi pale kambini alipomwambia kwamba karatasi isiyo na jina la msemaji ni karatasi ya kufungia karanga. Na baba huyo alisafiri mpaka Ggaba kutafuta ushahidi, akaukosa, akajitungia, akauandika kwa jina la mwanamke huyu.

Jioni Okeny alipiga simu. Laker akamweleza yote, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi.

"Dada, hii si kesi," alisema Okeny. "Watu mia mbili wanakuja. Jiwe limeshachongwa!"

"Mashahidi watatu hawapo. Hata mmoja hayupo."

"Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Miaka ishirini na saba! Unataka kumfufua marehemu kwa kompyuta? Mama amepumzika, mwache apumzike. Punguza waandikwe wawili kama dhamiri inakuwasha."

"Okeny, nikiandika nusu ya uongo, itakuwa nini?"

"Itakuwa kitabu kilichotoka Ijumaa!" akasema, akacheka mwenyewe. Laker hakucheka.

Wapo watakaosema Okeny alikuwa na huruma na Laker alikuwa na moyo wa jiwe. Mimi nasema huruma inayohitaji kumdanganya mama mzee ni uvivu uliovaa nguo za kanisani. Lakini sitasema ilikuwa rahisi. Alhamisi Laker alimkaribia mama yake mara nne akiwa na maneno mdomoni, na mara nne akamwuliza kama amekunywa dawa.

Mara ya tano Alal alikuwa uani anapepeta simsim. "Juliet," alisema bila kuinua kichwa, "dawa nimekunywa. Sema."

Laker akasema. Hakuacha kitu: namba ya simu, Ggaba, mtu aliyelala kifudifudi, baba na swali lake la kovu. Ungo uliendelea kupepeta muda wote, kisha ukatulia.

"Siku hiyo baba yako alirudi, akala, akalala usingizi mzito," alisema Alal. "Mwaka mzima alikuwa hajalala vile. Nikasema moyoni, huyu hajaona kitu, huyu amechoka tu. Ndiyo maana sikufungua sanduku."

"Sasa Juni ulifungua kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ulisema wewe." Alal alimtazama kwa macho yake yenye ukungu. "Wale watatu mimi siwajui. Niliamini kinywa chako."

Kipigo hakingeuma zaidi. Laker alipiga magoti akaomba msamaha, na mama yake hakumwambia inuka wala hakumwambia endelea. Alichukua ungo.

"Nifanye nini na ukurasa wake?" Laker akauliza mwishowe.

"Hiyo ndiyo kazi yako. Andika ulichosikia. Usichosikia usiandike."

Ijumaa asubuhi Laker alifungua ukurasa wa kaka yake. Akafuta 1987. Akafuta neno "amefariki," taratibu, kana kwamba anabisha hodi nyumba asiyoijua. Vyanzo vitatu akavifanya kimoja: Min Opoka, ambaye pia ni Perpetua na Acayo, Ggaba, 13 Novemba 2013, alimweleza mwandishi kwamba aliona mtu mrefu kando ya njia, uso hakuuona. Chini yake akaandika: Baba wa Otema aliamua kwamba ndiye. Alisimama, akazunguka meza, akakaa tena, akaongeza mstari wa mwisho: Juliet Laker alimwambia mama yake kwamba mashahidi ni watatu, kabla hajamwuliza hata mmoja. Kisanduku kikauliza kama chanzo hiki amekiona mwenyewe. Akatia alama.

Saa saba mchana Okeny alifika kuchukua kazi apeleke Kamwokya. Mvua ilikuwa imenyesha, naye alivaa koti la ngozi. Alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, akausoma tena.

"Umejiandika mwenyewe, Dada. Watu watakucheka."

"Wacheke."

"Na jiwe?"

Kutoka jikoni kulisikika bati likiburutwa sakafuni. Alal alitokea mlangoni ameinama, mkono mmoja unavuta sanduku, nguo yake imejaa unga mpaka magotini. Laker aliruka kumsaidia, mama akamwondoa kwa kiwiko. Alilifikisha katikati ya chumba, akanyooka taratibu, akamtazama Okeny kuanzia kola hadi vifungo.

"Okeny, mwanangu."

"Naam, Mama."

"Vua koti."

"Mama, lakini ulinipa mwenyewe—"

"Nilikupa kwa maneno ya watu watatu. Vua."

Okeny alimgeukia Laker. Laker alikuwa anatazama ufunguo, ambao mama yake alikuwa anaufungua tena kwenye pindo la leso, na hakumsaidia. Okeny akavua koti, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akabaki na shati. Alal alilipokea, akalikung'uta maji ya mvua, akalikunja kama linavyokunjwa koti la mtu aliyeko safarini.