Kambale wa Baba Walivyohama

Baba alistaafu reli akiwa na miguu isiyojua kukaa. Mama alipofariki, hali ikazidi. Kila nilipompigia simu kutoka Tabora mjini nilimsikia anatembea, viatu vikikwaruza changarawe. "Nipo tu, mwanangu," alisema, na kumbe yuko stesheni ya Kigwa anaangalia treni zisizomhusu. Siku moja akaniambia amechimba bwawa nyuma ya nyumba na kuweka vifaranga vya kambale.

Nilikwenda kumwona mvua zilipokuwa zimechanganya. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa amehamia pale ili ampikie. Jioni mimi na shangazi tulikaa barazani. Baba alisimama, anakwenda bwawani, anarudi. Mwili wangu nao ukaanza kuwasha kwa kumtazama. Nilitamani nimshike mabega nimkalishe kwa nguvu.

"Unajua kwa nini anaitwa kambale?" baba aliniuliza aliporudi. "Ni zile sharubu. Kamba tupu! Aliyemwona kwanza alisema kamba, wengine wakaongezea."

"Wakaongezea nini?" shangazi alimkatiza. "Hiyo 'le' maana yake nini? Usimdanganye mtoto."

Mtoto mwenyewe nina watoto watatu.

"Babu yetu alisema jina hilo lilikuja na wapagazi wa misafara kutoka pwani," shangazi aliendelea. "Samaki tulikuwa naye, na jina lake la Kinyamwezi tulikuwa nalo. Wao wakapita, wakala, wakamwita kwa lao. Tukaliokota."

"Basi hao wa pwani ndio walioona kamba."

"Wewe ulikuwepo?"

Nikaingilia kati kwa kuwaambia kwamba Wazungu wanamwita samaki-paka. Shangazi alicheka hadi akajifuta macho kwa khanga. Baba hakucheka. Alikuwa ameshageuka, anarudi bwawani.

Alfajiri mvua ilishuka kama imemwagwa. Nilishtuliwa na baba akigonga dirisha kwa kiganja.

"Amkeni! Wanaondoka!"

Ukuta wa bwawa ulikuwa umemeguka upande wa bondeni. Maji yalitambaa juu ya majani, na ndani yake kambale, weusi, wanene kuliko nilivyodhani, wanajisukuma kwa mapezi na kujinyonganyonga kuelekea kwenye majaruba ya mpunga ya majirani. Shangazi alitoka na beseni. Nilimdaka mmoja, akateleza. Nikamdaka tena, mwiba wa pezi ukanichoma kiganjani nikapiga kelele. Baba alikuwa na jembe, anachota tope kuziba pengo, na kila alichoweka kinachukuliwa.

Kisha akaacha.

"Baba, ziba!" nilimwita.

Alisimama maji yakimfika kwenye muundi, samaki wakipita katikati ya miguu yake. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo, na niliogopa. Nilidhani ameugua.

"Mama yako angecheka sana," alisema.

Tangu mazishi hakuwa amemtaja, hata kwa bahati mbaya. Akakaa chini, palepale kwenye tope, akaanza kucheka mwenyewe, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Shangazi aliweka beseni chini akaenda kumshika kichwa, kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. Mimi nilibaki na samaki mkononi, sijui nimwachie au nimtie kwenye beseni. Nilimwachia.

Tuliobaki nao tuliwala mchana kwa mchuzi wa karanga. Bwawa hakulichimba tena. Lakini mpunga ulipokuwa unakomaa majirani walianza kumwita: njoo, mzee, tumekamata samaki wako. Anakwenda nyumba moja baada ya nyingine, anakaribishwa, anakaa mkekani, anasimulia. Shangazi hunipigia simu kulalamika kwamba anarudi ameshiba, ugali wake unalala.

"Na hilo jina bado mnabishania?" nilimuuliza juzi.

"Sasa anawaambia watu ni la Kinyamwezi," alisema. "Eti mimi ndiye niliyemfundisha."