Masomo Manne Yasiyo ya Dini

Matokeo ya kidato cha nne ya mjukuu wangu yalitangazwa kanisani kabla mimi sijayaona kwenye karatasi. Mzee wa usharika alisimama akasema binti yetu amepata B ya Maarifa ya Biblia. Watu wakapiga makofi, nami nikanyoosha mgongo kwenye benchi, maana ile B ilikuwa ya kwangu pia. Nilimfundisha mwenyewe, miaka miwili, tukiambua maharage jikoni: yeye anataja wafalme wa Israeli, mimi namkatisha akikosea.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, kwa kidole, polepole, na nikifika mwisho wa mstari najua kilichoandikwa. Wako wanaosoma haraka wasijue walichosoma. Ninaishi nao.

Baada ya ibada kila mtu alikuwa ameshampangia mtoto maisha. "Huyo sasa ni uuguzi tu." "Huyo tutamwona na koti jeupe." Na mwenyewe ndicho alichokitaka. Mwaka mmoja nilipata kidonda mguuni, akakisafisha miezi miwili asubuhi na jioni bila kukunja uso, na mimi si mgonjwa mwepesi. Nikajua huyu mikono yake ina kazi. Hofu ilikuwa moja tu: asipopata chuo, kwetu huku Vudee msichana aliyemaliza kidato cha nne akikaa nyumbani mwaka mmoja huanza kuulizwa habari za kuolewa, na akiolewa kitabu kimefungwa.

Alikuwa amefaulu masomo manne. Biblia B, Kiswahili C, Biolojia C, Kemia D. Mengine yote F.

"Bibi, wanataka manne," aliniambia. "Ninayo manne."

"Nani kasema wanataka manne?"

"Watu wote wanajua."

"Watu wote hao wamewahi kupeleka nani chuoni?"

Akasema maombi ya vyuo hayafunguliwi mpaka katikati ya mwaka, tusubiri tu. Nikamwambia sisubiri siku ya safari ndipo niulize njia. Jumatatu tunashuka Same.

Jumatatu hiyo zamu ya maji ya ndiva ilikuwa yangu. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, mnapokezana, na ukiwa hupo siku yako maji yanakwenda kwa mwingine, na wewe na tangawizi yako mngojee duru nzima. Niliyaacha yaende. Jirani aliniuliza kama naumwa.

Same tulikwenda kwa mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwambia nataka sifa za kuingia uuguzi, zilizoandikwa, si za kuambiwa. Akatafuta kwenye kompyuta, akapata mwongozo wa mwaka jana, akachapa ule ukurasa. Ulikuwa wa Kiingereza. Akatusomea kwa Kiswahili.

"Awe amefaulu masomo manne, yakiwemo Kemia na Biolojia."

Mjukuu wangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nilikuwa nimeweka kidole kwenye ile karatasi. Kiingereza sijui, lakini macho ninayo.

"Mwanangu," nikamwambia yule mama, "mstari huu ni mrefu. Ulichosoma ni kifupi."

Akacheka. "Mama, wewe ungefaa kuwa hakimu." Akavaa miwani vizuri, akarudia. Safari hii akasoma polepole, na sauti yake ikawa inapungua kadiri anavyosoma. Masomo manne yasiyo ya dini. Yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia.

"Yasiyo ya dini maana yake nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Maana yake Biblia haihesabiwi, mama. Wala Elimu ya Dini ya Kiislamu. Zinakaa pembeni."

"Zinakaa pembeni?"

"Ndiyo. Binti ana matatu. Na Fizikia hana kabisa, naona. Hakuifanya?"

Hapo mjukuu wangu hakunitazama tena. Alitazama mashine ya kutolea kopi. Alikuwa na adabu ya kutosema, kwa hiyo nikasema mimi.

"Hakuifanya kwa sababu yangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Alipoingia kidato cha tatu waliambiwa wachague masomo. Mwalimu wa Fizikia alikuwa amehama na mwingine hajaja. Mtoto akaniuliza aendelee na Fizikia bila mwalimu au achukue Biblia. Nikamjibu palepale, bila kuuliza mtu yeyote, kwamba Biblia mwalimu yupo, ni mimi. Nilidhani alama ni alama. Sisi tuliokulia kwenye ibada hatukuwahi kufikiria kwamba kuna ofisi itakayochukua B ya Neno la Mungu na kuiweka pembeni, ikaitafuta D ya Fizikia. Hilo lilikuwa kosa, tena la kwangu, na nililisema mbele ya yule mama ili mtoto asibebe peke yake.

Akaanza kulia. Nikamwacha alie kidogo. Kisha nikamwambia inatosha, tuna swali lingine la kuuliza, na watu wanapanga foleni nyuma yetu.

Swali lilikuwa hili: Fizikia inapatikanaje kwa mtu aliyemaliza shule? Yule mama akasema anajiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea, anafanya mtihani mwisho wa mwaka, akifaulu vyeti viwili vinasomwa pamoja. Nikauliza mwisho wa kujiandikisha lini. Akahesabu kwa vidole. Zilibaki siku tisa. Kama tungengoja maombi yafunguliwe, kama watu wote wanavyojua, tungekuwa tumechelewa mwaka mzima.

Tulikwenda kula kwa mwanangu wa mwisho, ambaye ni baba mdogo wa huyu binti, ana duka la vipuri vya pikipiki pale mjini. Nilimweleza. Akatikisa kichwa.

"Mama, mwaka mzima kwa ajili ya D moja? Kuna chuo wanachukua. Namjua mtu."

"Wanachukua bila Fizikia?"

"Wanachukua. Ni vyuo vya watu binafsi, wanataka wanafunzi."

"Mpigie. Niongee naye mimi."

Akampigia. Sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kuuza. Shikamoo mama, karibu sana mama, chuo ni chako mama.

"Marahaba. Mjukuu wangu hana Fizikia. Mtampokea?"

"Mlete tu, mama."

"Nimeuliza mtampokea."

"Mama, ukishamleta mengine tutayaongea hukuhuku."

"Na siku ya kumaliza, mtihani wa serikali atafanya? Leseni ya uuguzi atapewa?"

"Mama, unajua mambo ya mfumo…"

"Sijui mfumo. Nimekuuliza leseni."

Simu ikakatika. Mwanangu akasema labda mtandao. Nikamwambia mtandao huo una akili, umejua pa kukatikia.

Mjukuu wangu alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Bibi, mimi Fizikia siiwezi. Sijaisoma tangu kidato cha pili. Kule kanisani watauliza mbona siendi chuo, na walishapiga makofi."

"Makofi walipiga wao. Mtihani unafanya wewe."

"Na nikipata F?"

Sikumdanganya. "Ukipata F utakuwa umepoteza mwaka. Usipofanya umeshapoteza yote. Sasa niambie unataka ipi, maana nilikuchagulia mara moja nikakosea. Hii chagua mwenyewe."

Makande yakapoa. Akasema atafanya, na ataongeza Jiografia, ili Kiswahili nacho wakikiweka pembeni asibaki tena na matatu. Nikamwambia Kiswahili si dini, hakiwekwi pembeni. Akasema aongeze tu, moyo utulie. Nikaona huyu sasa anafikiri.

Siku ya tano tulikuwa tumemaliza kumwandikisha. Kosa la baba mdogo nilimlipisha hivi: mtoto akae kwake mwaka huo, aende masomo ya jioni kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akifundisha Fizikia sebuleni kwake. Mchana binti alikuwa anauza vipuri. Mwanangu aliniambia baadaye kwamba wateja walimwita daktari wa pikipiki, na kwamba somo la umeme alilielewa dukani, akishika betri na taa mkononi. Sikumwingilia. Usharikani waliponiuliza, niliwajibu kwamba mtoto hajakwenda chuo kwa sababu mimi nilimchagulia somo bila kusoma sifa, na kwamba yeyote mwenye mtoto wa kidato cha tatu aje nimwoneshe ile karatasi. Walikuja sita. Mchungaji alikuja wa saba, ana binti.

Matokeo yalipotoka alipata D ya Fizikia. Jiografia F. Sikutaka makofi ya mtu yeyote. Maombi yalipofunguliwa alijaza mwenyewe, vyuo vitatu, kila kimoja akakisoma sifa zake mpaka mwisho wa mstari. Awamu ya kwanza jina halikutoka. Awamu ya pili likatoka.

Alinipigia akiwa Same, akanisomea barua ya kujiunga nami nikaandika nyuma ya kalenda. Viatu vyeusi visivyo na kisigino kirefu. Soksi nyeupe jozi mbili. Ndoo. Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde.

"Mshale wa sekunde wa nini?"

"Wa kuhesabia mapigo ya moyo wa mgonjwa, Bibi."

Kesho yake nilishuka mwenyewe. Muuza saa wa kwanza alinipa moja ya kike, inang'aa, ina maua kwenye mkanda. Nikaigeuza, nikaiweka machoni.

"Hii haina mshale wa sekunde."

"Mama, lakini nzuri."

Nikamrudishia, nikaenda kwa wa pili.