Kibuyu cha Bibi Kwenye Mechi ya Makambako

Timu yetu ya Kitandililo ilikuwa aibu aliyoiunda baba kwa mikono yake. Alitukusanya sisi wanawe na watoto wa baba zetu wadogo, akaazima wengine kwa majirani, na kila jioni akatukimbiza malishoni huku akitutukana. Mpira wetu ulikuwa kibofu cha nguruwe kilichopulizwa. Mimi aliniweka golini kwa sababu, alisema mbele ya wote, sikuwa na faida nyingine.

Mchezaji alikuwa mmoja tu: kaka yangu. Mwalimu mkuu wa shule ya kati kule Njombe, mtu aliyependa mpira kuliko hesabu, alimwambia baba imebaki nafasi moja, naye angekuja Makambako kumwona kijana huyo akicheza na watoto wa kambi ya wajenzi wa barabara. Enzi hizo za Mwingereza, kijana wa kwetu aliyekosa shule alipanda lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Kaka alilijua hilo vizuri, akawa analala na kibofu kitandani.

Siku ya mechi tuliondoka alfajiri, bibi akitufuata na kibuyu cha ulanzi kichwani. Ulanzi uliogemwa asubuhi kwenye mianzi ni mtamu, na kwetu watoto walipewa kama uji. Hakuna aliyeuita pombe. Lakini bibi hakuosha kibuyu hata siku moja. Aliamini maji yanaua ladha. Aliumimina ule mpya juu ya masalia ya jana, akaziba kwa majani, akautembeza juani mpaka Makambako.

Kipindi cha kwanza tulifungwa matano. Hatukuwahi kugusa mpira wa ngozi. Wenzangu waliupiga mara moja wakakaa chini kushika vidole vya miguu, na mimi niliukimbia waziwazi. Kaka peke yake alifunga mawili. Mwalimu alimpigia makofi. Watu walituzomea, na sauti ya baba ilizidi zote.

Wakati wa mapumziko bibi alifungua kibuyu, povu likamrukia usoni.

"Bibi, huu umechacha," kaka alisema.

"Bibi yako katembea tangu alfajiri na mzigo kichwani," baba alifoka. "Utakunywa, na utaanza wewe."

Kwetu mtoto hakuukataa mkono wa bibi. Kaka alikunywa, wenzake wakagombania. Kilipofika kwangu, baba alikinyakua. "Huyu anywe kwa kazi gani?" Akakimalizia yeye.

Kipindi cha pili kilikuwa kichekesho. Binamu yangu mmoja alimkumbatia mpinzani akakataa kumwachia, mwingine akalala kwenye kona. Nilicheka mpaka nikamwona kaka. Alichukua mpira, akawapita watatu, akasimama ghafla, akayumba hadi pembeni na kutapikia viatu vya mwalimu.

"Hawa watoto wamelewa, mzee," mwalimu alisema. Akautazama uwanja mzima. "Na yule golikipa?"

"Hajaonja hata tone, mwalimu!" baba alijibu haraka. "Yule nimemlea mwenyewe."

"Basi aje Jumatatu."

Kaka alikuwa amepiga magoti kando yao, akisikia kila neno. Baba alimruka akaja kunipa mkono. Nilimchukia baba kuliko siku zote, na bado nilifurahi.

Jumatatu kaka aliamriwa kunibebea sanduku hadi barabara kuu. Lori la Njombe liliposimama alilipandisha sanduku, akanigeukia, akanizaba kofi lililoniangusha. Kisha aliniinua, akanipangusa vumbi, akanipandisha juu ya lori.

"Soma," alisema.

Akavuka barabara kwenda kungoja lori la manamba.