Spika ya Katikati Hatukuitoa

Hii haiko hadithi ya kulalisha batoto. Ilinifikia minye mwenyewe, hapa Likasi, saa sita ya muchana, jua kali, na sikuwa nimelewa. Usiponiamini, ni shauri yako.

Bwana yangu Mutombo alikuwa amekufa. Kwetu, siku ya kumaliza kilio, mwanamuke muzee wa nyumba anaita majina ya wote bamekufa mu jamaa, ili bamupokee mufu mupya. Majina isiposikika, yeye anabaki njiani. Majina yote njo minye niko nayo mu kichwa. Sauti tu njo ilikuwa karibu kuisha. Basi binti yangu Ngoie, fundi wa bafle, ile masanduku ya spika, akaanza kunichongea bafle ya kilio.

Alipanga spika tatu juu ya mukeka: ya besi, inchi kumi na mbili, kubwa sawa sahani ya bukari, ugali yetu, ya katikati, inchi tano, kwa sauti ya bantu, na kadogo sawa kifuniko ya chupa, kwa sauti nyembamba, tsii.

"Mama, besi ya kumi na tano ingetingisha mpaka Buluo."

"Buluo ni gereza, bale bamekwisha kutingishwa. Minye nataka maneno."

Pale njo muntu aliingia. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, lakini viatu yake ilikuwa inatona matope nyeusi.

"Weka ya kumi na tano. Ile ya katikati, toa. Bantu banapenda besi."

Sikia sasa: sauti yake ilikuwa dum mu kifua na tsii mu meno. Katikati, hakuna kintu. Maneno niliiona ku midomo yake tu.

Na Ngoie, mukaidi huyu, akainua spika ya katikati kumupa, macho sawa ya muntu amelala!

Nikauliza ile tunaulizaka kila mugeni: "Weye ni mutoto wa nani?"

Alilamba kidole gumba tu, akanyoosha mukono. Nani analambaka kidole mbele ya kukamata kintu? Ile kidole niliipikia bukari nikingali bibi arusi! Kalenga, mudogo wa bwana yangu. Udongo ilimufunika mu shimo ya madini kule Shinkolobwe, mwili haikupatikana, na bazee balisema: bila mwili, hakuna kilio.

Nikajua anatafuta nini. Yeye hakuitwa, basi hata Mutombo asiitwe, batembee babili.

"Kalenga, mutoto wa Mwewa!" nikapiga kelele na ile sauti kidogo ilibakia. "Bwana yangu humupati! Rudisha mukono!"

Hakukuwa tena muntu. Matope tu, na Ngoie, spika ingali mu mikono yake.

Siku ya kilio, nikasema polepole ku maikrofoni, na spika ya katikati ilisema majina yote. Ya Kalenga niliiweka mwisho. Bazee balinung'unika, banung'unike. Haikuwa huruma. Nilitaka asikuwe tena na sababu ya kuingia kwangu.

Tangu pale, sikio yangu ya kushoto inasikia dum na tsii tu. Ya kuume inanitosha. Bananiambia niuzishe ile bafle. Siuzishi. Na weye unayesoma, mugeni akikuambia utoe ile inabeba sauti ya bantu, muulize kwanza ni mutoto wa nani. Akinyamaza, shika spika yako na mikono mbili.