Vifundo kwenye Mizizi ya Maharagi

Mimi ni mtu wa mdomo, sifichi. Miaka sita nilifundisha kemia hapa Bukavu, na kila mwaka nilipofika kwenye somo la kufunga azoti, yaani nitrojeni, nilisimama mbele ya ubao kama askofu. Hewa tunayovuta, niliwaambia wanafunzi, sehemu yake kubwa ni azoti, lakini mmea hauwezi kuila hivihivi. Vijidudu vinavyokaa ndani ya vifundo vya mizizi ya maharagi ndivyo vinavyoikamata na kuigeuza chakula. Vifundo nilivichora kwa chaki nyekundu. Shambani nilikuwa sijaviona hata siku moja.

Nikaolewa. Kwa mama mkwe wangu, kule Mudaka, bibi arusi anakatiwa kipande cha shamba, na mavuno ya kwanza ndiyo yanayosema kama kitabaki kwake au kitapewa wifi. Nilikitaka kipande kile kwa moyo wote, maana mawifi walishasema mikono ya mwalimu inajua chaki tu.

Jumamosi moja mama mkwe alikuwa ameenda sokoni Miti, nami napalilia peke yangu. Kwa bahati mbaya nikang'oa shina moja la maharagi pamoja na magugu, nikaona mizizi imejaa vipele. Ugonjwa! Nikang'oa la pili: vipele. La tatu: vipele. Basi nikang'oa mistari minne mizima ili kuokoa iliyobaki, huku najisifu kwamba kweli kusoma kuna faida.

Nilipoketi kupumua nikapasua kipele kimoja kwa ukucha. Ndani kulikuwa kwekundu kama nyama mbichi. Ee Mungu wangu, kumbe ndivyo vifundo vyenyewe! Nilicheka peke yangu mpaka machozi, kisha yakawa machozi ya kweli, kwa sababu shamba lilikuwa linanitoka.

Mama mkwe alirudi saa nane, mawifi wawili nyuma yake. Ningeweza kumfunika macho kwa Kifaransa. Ugonjwa wenye jina refu, nani angebisha? Lakini kabla hajafungua kinywa nilimweleza yote: kwamba nilichong'oa ni kiwanda cha mbolea, na kwamba ndicho nilichokuwa nafundisha miaka yote. Mawifi waliangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Mama mkwe akaligeuza shina mkononi, akasema wao walijua tangu zamani kwamba mahindi yanapenda mahali maharagi yalipolala, jina la azoti tu ndilo walilokosa. Akaniamuru nifukie yote palepale, nipande mahindi juu yake.

Halafu akawageukia binti zake, na kicheko chao kikakatika.

"Shamba iko yake, singoji mavuno. Maharagi tutapanda ingine. Muntu mwenye anasema kosa yake mbele ya kuulizwa, huyo njo wa kulima naye."